Maswali ya Wasomaji: Kwa nini moto chini ya nyungo za hariri?

SWALI: Nimeona picha za kale za Kichina zinazoonyesha kazi ya hariri tangu mayai hadi nguo. Katika moja makaa yanawaka chini ya nyungo, katika nyingine vifukofuko vinafungiwa mtungini. Kwa nini? Nami nina miforosadi mitatu katikati ya mikorosho. Viwavi wa hariri wataishi hapa?
Msomaji, Newala

JIBU: Unavyozieleza, zinafanana na michoro ya Jiao Bingzhen, iliyotolewa mwaka 1696 kwa amri ya mfalme Kangxi: 23 ya mpunga na 23 ya hariri. Mchoraji hakuweka moto kwa urembo.

Kiwavi husuka kifukofuko, yaani ganda la uzi analojifungia ndani, kwa siku mbili hadi tatu. Uzi humtoka umepakwa gundi ya majimaji, nayo hukauka hewani. Hewa ikijaa unyevu, gundi huchelewa kukauka, tabaka zikagandana, na siku ya kufumua uzi hukatika kila mara. Makaa yalikausha hewa. Wakati wa masika unyevu wa kwetu utakusumbua vivyo hivyo, kwa hiyo siku hizo nyungo ziwe mahali penye upepo.

Mtungi ulikuwa wa kununua muda. Wiki mbili hivi baada ya kusuka, kiwavi aliyegeuka nondo hutoboa kifukofuko ili atoke, na uzi mmoja wa mita 600 hadi 900 huwa vipande vya kusokotwa kama pamba. Wachina walipanga vifukofuko kwa tabaka za chumvi na majani, wakaziba mtungi kwa udongo, mdudu akafa humo. Leo wengi hutumia mvuke au hewa ya moto.

Kisha sufuria. Maji ya moto hulainisha gundi, ncha za uzi zikatafutwa kwa brashi, na nyuzi za vifukofuko vitano hadi vinane zikavutwa pamoja, maana mmoja ni mwembamba mno. Ukichemsha kidogo, unakatika. Ukizidisha, tabaka nzima hutoka kwa mkupuo na kujifunga mafundo. Gundi iliyobaki huondolewa kwa maji ya sabuni, na uzi hupungua uzito kwa robo hivi. Anayenunua uzi mbichi kwa kilo alikumbuke hilo.

Sasa miforosadi yako. Kiwavi mmoja hula gramu 20 hadi 25 za majani ya mforosadi maisha yake yote, takriban mwezi mmoja, na sehemu kubwa kabisa huila wiki ya mwisho. Anza na viwavi 200, yaani kilo tano hivi za majani. Wachanga wakatiwe majani laini vipande vidogo. Majani yenye umande au mvua yafutwe kwanza, la sivyo wataharisha na kufa. Miguu ya chanja isimame ndani ya makopo ya maji, siafu wasipande.

Shida yako kubwa ni mikorosho. Salfa ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hupeperuka mbali, na dawa ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, hata ikiwa kidogo sana huua kiwavi. Kuosha majani si kinga ya kutegemea. Fuga nje ya msimu wa kupuliza, au panda miforosadi mingine mbali na shamba, upande unakotoka upepo. Jirani anayepuliza naye umuulize siku zake.