Kabla hujamwita fundi wa tangi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Jioni ufito ulionyesha maji sentimita 120, asubuhi 119, tangi lina kipenyo cha mita 2, kwa hiyo zimepotea lita 31. Unauliza: umwite fundi abandue plasta? Na unasema kipenyo umekipima mara sita ili hesabu isikosee.

Hapo kwenye kipenyo umenichekesha. Tuseme umekosea sentimita 2, yaani asilimia 1. Ukitafuta maji yote yaliyomo, kipenyo huzidishwa kwa chenyewe, basi na kosa lake huingia mara mbili: asilimia 2, kama lita 75 katika 3,770. Kwa swali hilo, pima hata mara kumi. Lakini wewe unatafuta kilichopungua, na asilimia 2 ya lita 31 haifiki hata lita moja.

Wa kutiliwa shaka ni ufito. Umeuchora alama kwa sentimita nzimanzima, kwa hiyo kila ukisoma unaweza kupotoka nusu sentimita, juu au chini. Nawe umesoma mara mbili. Ukitoa 119 kwenye 120 namba inabaki ndogo, ila makosa hayatoani: nusu na nusu, sentimita nzima. Lita zako 31 zinaweza kuwa sifuri, zinaweza kuwa 60 na ushee. Wenye kitabu cha vipimo watakwambia makosa mawili ni nadra kuangukia upande mbaya kwa pamoja, na kweli, kwa kanuni yao ya mraba (unajumlisha miraba ya makosa, kisha unatafuta kipeo cha pili) ungepata kosa la lita 22. Bado si la kubomolea plasta.

Kuna na kosa la upande mmoja. Nilipokuwa napima viwanja, tepu ya chuma ya mita 30 ikipata joto la nyuzi 40 badala ya 20 hurefuka kama milimita 7, na kila ukiilaza ni saba zilezile. Ufito uliolika ncha ni vivyo hivyo, lakini wewe unatoa kipimo kimoja kwenye kingine, basi hilo linajifuta. Ila usibadilishe ufito kati ya vipimo viwili.

Mnakuja huku Alhamisi kwa siku nne. Fungeni koki zote, funikeni tangi, usome kabla ya kuondoka na mkirudi, palepale. Kama linavuja sentimita kwa usiku, utakuta kama lita 250 zimekwenda, maana mchana nao linavuja, na shaka ni ileile lita 31. Hapo mpigie fundi.

Baba