Kompresa ikae wapi kwenye msururu wa pedali?

SWALI: Habari za kazi. Mi napiga gitaa la umeme, nina tyuna, ovadraivu (ya kukwaruza sauti), dilei (ya mwangwi unaojirudia) na rivabu (ya sauti kama ya ukumbini), juzi nimeongeza kompresa, ile ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, na kwa vile ndo ilikuja mwisho nikaichomeka mwisho kabisa, kabla ya ampu. Sasa nikiwasha ovadraivu afu nikanyamaza kidogo tu, nasikia shhhh inapanda taratibu mpaka inakera, na mwangwi wa dilei badala ya kufifia unakuwa kama unarudi tena juu. Pedali mbovu hii au?

JIBU: Pedali yako nzima kabisa kaka, usiirudishe dukani, inafanya kazi yake vizuri tu ila umeipa kazi mahali pabaya. Kompresa inasubiri sauti ivuke kizingiti fulani, ikivuka inaibana, afu kile kilichobanwa unakifidia kwa kupandisha sauti nzima. Chukua mfano: kizingiti kiko -20 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), resho ni 4 kwa 1, yaani kila dB 4 zinazovuka inatoka 1 tu, umepiga kwa nguvu sauti imefika -8 dB, yaani imevuka kwa dB 12. Itatoka imevuka kwa dB 3 tu, dB 9 zimekatwa. Ili usikike kama mwanzo unaongeza hizo dB 9 kwa nobu ya sauti, na hapo ndo shida inapoanza, maana ukinyamaza hakuna cha kubanwa lakini nyongeza ya dB 9 bado ipo, kwa hiyo kila mvumo ulioko nyuma unapandishwa nao.

Sasa we umeiweka baada ya ovadraivu, ambayo yenyewe tayari inazidisha noizi ya pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) na waya. Na ovadraivu kwa asili yake inakata vilele vya sauti, kwa hiyo kompresa ikija nyuma yake inakuta vilele vichache vya kubana na noizi nyingi ya kupandisha. Dilei hivyohivyo, mwangwi unapofifia kompresa inaachia, inapoachia sauti inapanda, ndo maana unasikia unarudi.

Hamisha iwe hivi: gitaa, tyuna, kompresa, ovadraivu, dilei, rivabu, ampu. Hapo kompresa inasikia vidole vyako tu, na ovadraivu inapokea sauti iliyosawazishwa, noti zinadumu zaidi na mkwaruzo wa ovadraivu haubadilikibadiliki. Mvumo kidogo bado utausikia, huo hauishi kabisa.

Ila kuna kitu unalipa hapo na watu wengi hawaambiwi. Kama umezoea kusafisha ovadraivu, yaani kupunguza mkwaruzo wake, kwa kupiga polepole au kupunguza volyumu kwenye gitaa lenyewe, kompresa ikiwa kabla ya ovadraivu itakupinga, unapunguza yenyewe inaachia, unapunguza tena inazidi kuachia, mpaka ushuke chini ya kizingiti ndo unaona tofauti. Kwa mtu ambaye mkono wake ndo unaoongea, hiyo ni hasara kubwa, na mi ningemwambia aiwashe kwenye sauti safi tu, ovadraivu ikiingia aizime.

SWALI: Nina MXR Dyna Comp ya kawaida, ina nobu mbili tu, Output na Sensitivity. Wenzangu wanaongelea ateki na rilizi, mi nazipata wapi?

JIBU: Huzipati dada, zimepangwa ndani ya saketi na hakuna nobu yake. Ateki ni muda ambao kompresa inachukua kabla ya kubana: ikiwa fupi ule mgongo wa kwanza, yaani mlio wa piki ikigonga uzi, unamezwa, ikiwa ndefu, tuseme milisekunde 20 au 30, unapita wenyewe afu mkia wa noti ndo unabanwa. Rilizi ni muda wa kuachia, ikiwa fupi mno unasikia sauti inapumua, ikiwa ndefu mno noti laini inayofuata baada ya pigo kubwa inatoka imezibwa.

Kwako anza na Sensitivity (kiasi cha kubana) chini kabisa, rekebisha Output (sauti inayotoka) mpaka ukikanyaga kuwasha na kuzima sauti iwe sawa. Usiruke hatua hii tafadhali, maana sikio likisikia kitu kina sauti kubwa zaidi linadhani ni kizuri zaidi, utajidanganya. Afu panda Sensitivity kidogokidogo huku unapiga kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu, ukiona pigo limeanza kulegea rudi nyuma kidogo, na kila ukisogeza hiyo sawazisha tena Output.

SWALI: Fazi na pedali ya volyumu vikae wapi ukilinganisha na kompresa?

JIBU: Fazi ni pedali za mkwaruzo mzito kuliko ovadraivu, na zile za zamani za aina ya Fuzz Face zinataka kuongea na pikapu moja kwa moja, ukiweka kompresa au tyuna yenye bafa (saketi inayoitenga pikapu na kinachofuata) kabla yake zinakuwa kali na hazisafishiki tena kwa volyumu ya gitaa. Ziweke za kwanza kabisa, kompresa ifuate, na usiziwashe pamoja, fazi imeshabana kila kitu tayari.

Pedali ya volyumu weka baada ya kompresa, ikiwa kabla yake unashusha mguu na kompresa inakupandishia, sauti haishuki sawasawa. Mi naipenda zaidi baada ya ovadraivu na kabla ya dilei, ukifunga mguu gitaa linanyamaza lakini mwangwi uliokwishaanza unaendelea mpaka uishe wenyewe.