Ukivua magwanda ukaja Kisongo, anza na logibuku, daftari la saa zako za kuruka

Wadogo zangu, marubani wa jeshi mnaotoka kikosini, huwa mna swali moja, na mnaniuliza hata kabla hamjavuta kiti: "Kaka, nina saa elfu mbili za kuruka. Si nitapewa ATPL, leseni ya juu kabisa ya urubani?" Nami huwa nauliza: elfu mbili za nini?

Nilikuja Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, nikiwa na hesabu kama hiyo, nikajiona tajiri. Kanuni zetu za leseni zinafuata Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, ambacho kinadai saa 200 kwa CPL, leseni ya rubani wa biashara, na 1,500 kwa ATPL. Jumla nilikuwa nayo na chenji ikabaki. Shida ni kwamba hizo 1,500 zina vyumba ndani yake. Usiku saa 100. Kuruka kwa vyombo, yaani bila kutegemea kuona nje, 75, na kati ya hizo za simuleta (mashine ya kuigiza ndege) zisizidi 30. Safari za masafa 200. Nilipokaa na kalamu, upande wa usiku nilipata 61 zenye ushahidi. Nilikuwa nimeruka nyingi zaidi ya hizo, lakini tuliandika zoezi na muda wake basi, giza hatukulihesabu. Pengo lile nililiziba kwa kiinua mgongo changu, nikipaa na kutua gizani pale KIA, uwanja wa Kilimanjaro, huku mke wangu akiuliza kama kweli nilishawahi kuwa rubani.

Kwa hiyo kabla hujarudisha vifaa stoo, andaa mchanganuo wa kila ruko: aina ya ndege, ulikaa kiti gani, mchana au usiku, vyombo au macho, kutoka wapi hadi wapi. Kamanda wako asaini, apige muhuri kila ukurasa. Mimi nilirudi kusaka sahihi miezi minane baada ya kuondoka, na aliyenijua alikuwa ameshahamishwa. Usiandike ulibeba nini wala kwa kazi gani. Mamlaka ya Usafiri wa Anga inataka muda na kiti, siri za kikosi ziache kikosini.

Halafu kuna vijana wanaojiongezea dakika. Jeshini wengi tulihesabu kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi. Kiraia saa inaanza ndege inaposogea kwenda kuruka, na inaishia inaposimama baada ya safari. Ni kweli umepunjika. Lakini usijaze kumi kumi za kichwani. Andika kama ilivyorekodiwa, ueleze ilihesabiwaje. Mkaguzi akikuta safari moja haiingii akilini, ataanza kuzitilia shaka na zile za kweli. Na wa helikopta: saa zako ni za helikopta. Kiasi gani kitahesabiwa kwenye leseni ya ndege za mabawa, mamlaka ndiyo huamua, kwa hiyo uliza mapema.

Cheti cha afya cha daraja la kwanza kipate kabla hujalipia darasa lolote. Kiingereza cha redio unapimwa, na unatakiwa angalau kiwango cha 4. Kwenye mitihani ya nadharia, urambazaji hautakusumbua. Sheria za anga ndizo zinazotuangusha sisi, kwa sababu tunasoma kifungu tukidhani tunakijua.

Sasa mazoea. Mimi nilifundishwa kwenye ndege za mita na kilomita kwa saa, na altimita, kipima kimo, tuliiweka isome sifuri ndege ikiwa chini. Huku ni futi na noti (maili za baharini kwa saa), na altimita inasoma kimo kutoka usawa wa bahari. Kisongo iko kama futi 4,550 juu, na altimita nyingi za kawaida huwezi hata kuzirudisha zisome sifuri pale, kipimo kinaishia njiani. Siku ya kwanza sindano ilionyesha elfu nne na ushee tukiwa tumeegesha, nikamwambia fundi chombo kibovu. Alinitazama kwa huruma.

Kimo hichohicho ndicho kinachokula nguvu ya injini na mabawa. Mchana jua likiwaka, hewa inakuwa nyepesi, Caravan, ndege yetu ndogo ya injini moja, inakimbia njia ndefu kabla haijaamua kupaa. Kambini shehena ilikuja na amri, ukapaa. Huku mgeni ameambiwa kilo 15 kwenye begi laini, akaja na sanduku la magurudumu na kamera tatu, na bosi anakukonyeza upeleke tu. Kukataa ni kazi yako, na kwangu ilikuwa ngumu kuliko mtihani wowote, maana miaka yote nilizoea kusema "ndiyo afande". Nilijifunza kufungua jedwali la uzito mezani na kumwonyesha namba kwa kidole, bila kupandisha sauti.

Cheo nacho utakiacha getini. Kule Kapteni ni nyota tatu, huku ni yeyote anayekaa kiti cha kushoto. Safari yangu ya kwanza kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, nilikaa kulia, na kushoto alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Nikamwita Kapteni. Akacheka, akaniambia, "Mzee, mkanda wa bega bado hujafunga," na kweli ulikuwa unaning'inia.