Kabla hujanunua balbu za LED, pima umeme unaofika kwenye taa

"Mwanangu, taa zako zimenipofua."

Mzee aliyeniambia hivyo alikuwa amesimama kando ya barabara ya Tabora kwenda Urambo, saa mbili usiku, baiskeli yake imelala mtaroni na gunia la mkaa limepasuka. Sikumgonga. Tulikuwa tunapishana, mwanga ukampiga usoni, akashindwa kuuona ukingo wa lami. Nilishuka, nikampa shikamoo na pole, tukaokota mkaa pamoja kwa tochi ya simu. Alikuwa mzima, namshukuru Mungu. Lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa nimewasha dimu (mwanga wa chini), si ful (mwanga mkali wa mbali), na balbu zenyewe, za LED, nilikuwa nimezifunga mchana wa siku hiyo.

Asubuhi nililielekeza gari ukutani, kama mita nane hivi, nikasubiri magharibi niwashe. Dimu iliyo sawa huchora mstari ukutani: chini mwanga, juu giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto. Zangu hazikuwa na mstari. Ukuta wote ulikuwa mweupe mpaka kwenye bati.

Gari langu linatumia balbu za H4, yaani balbu moja inayobeba dimu na ful pamoja. Ndani ya H4 ya kawaida, chini ya waya wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiguse nusu ya chini ya rifleta (kile kibakuli kinachong'aa ndani ya taa), maana ukigusa pale unarushwa juu, kwenye macho ya anayekuja. Balbu ya LED lazima iwe na kizuizi hicho upande wa chini, na vipande vyake vya mwanga vikae palepale ulipokuwa waya, vikitazama kulia na kushoto. Vyangu vilitazama juu na chini. Nililegeza pete ya shingoni mwa balbu, nikaizungusha, mstari ukaanza kuonekana.

Ila taa ya kulia ikawa inapepesa. Nikabadilishana balbu, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Upepesaji ukabaki kulia. Fanya hivi kabla hujarudi dukani kugombana na mtu: tatizo likihama na balbu, balbu ndiyo mbovu, likibaki palepale, tafuta kwenye waya.

Nikamwomba fundi umeme multimita, kile kipimo cha umeme. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewaka, kwenye betri nilipata volti 13.9. Kwenye soketi ya taa ya kulia, 11.6! Tukafuata waya wa ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) mpaka kwenye bolti yake, tukaikuta imeshika kutu. Tukapiga msasa, tukakaza, ikasoma 13.5. Ya kushoto nayo tukaisafisha vilevile.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini taa zangu za zamani zilikuwa za njano na hafifu. Balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye waya ndani kama zangu za zamani, ikikosa asilimia 10 ya volti, hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Nilitumia pesa kubadilisha balbu ambazo hazikuwa na kosa lolote. Nikazifunga tena kwenye gari, za wati 60/55 zilezile (60 za ful, 55 za dimu), na ndizo ninazotumia hadi leo. Kuzishika ni kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole yanaweza kukivunja kioo kikipata moto.

Wewe ukiamua kubaki na LED, angalia kwamba kile kifuniko cha mpira cha nyuma ya taa hakijaziba feni ya kupoza balbu, maana LED huuawa na joto. Isipowaka kabisa, huenda chanya na hasi vimepishana. Redio ikianza kukoroma taa zikiwashwa, huenda chanzo ni kile kiboksi kidogo cha umeme kinachokuja na balbu ya LED. Na usishawishike na halojeni za wati 100; waya na soketi za kiwandani hazikutengenezwa kubeba mzigo huo, nimeshaona soketi iliyoyeyuka.

Mwisho rekebisha kimo: kwa umbali wa mita 10, mstari wa dimu ushuke kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe. Ukipakia madumu ya asali au magunia ya mchele nyuma, pua ya gari inainuka na mwanga unainuka nayo. Kama gari lako lina swichi ya kushusha taa karibu na usukani, ishushe kabla hujatoka mjini.