Skripti yangu ina kurasa 186, prodyuza kanirudishia

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko Morogoro, nimeandika skripti ya muvi ya familia, imenichukua mwaka na nusu, ina kurasa 186. Nikampelekea prodyuza mmoja Dar, kafungua kurasa nne tu akanirudishia eti hii ni riwaya. Imeniuma sana dada, kila nilichoandika kina maana yake. Nikate nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa inavyotakiwa, fonti ya Courier saizi 12, hukadiriwa kuwa dakika moja ya muvi, kwa hiyo hapo una masaa matatu na dakika sita. Lenga kurasa 100 mpaka 110.

Ila urefu siyo kilichomkwaza. Kwenye zile kurasa ulizonitumia umeandika: "Mama Zuhura ana huzuni, kila usiku anamkumbuka marehemu mumewe aliyemwoa mwaka 1998." Sasa huyo mshika kamera hiyo 1998 anaishutia wapi? Kamera haiingii moyoni, inachukua kinachoonekana, na maiki inachukua kinachosikika, basi. Mpe mama kitu cha kufanya. Usiku anachomeka chaji kwenye kile kisimu cha kitochi cha marehemu, anasubiri mpaka kiwake, anakilaza kwenye mto wa upande wa pili, anazima taa. Hajasema neno na mtu kashaelewa, alafu ule mstari wa "jamani mume wangu nakukumbuka" ufute kabisa, maana hicho ndo kinaua muvi zetu nyingi, msanii anatueleza kwa mdomo kitu tunachokiona.

Na ile harusi uliyoandika, ya usiku, mvua, watu 300! Hapo ni hela ya jenereta, mataa, na hao watu wote wale. Mama Zuhura si anaweza kuwa jikoni peke yake anaosha masufuria huku ngoma inasikika kwa mbali? Mi naona inauma zaidi hivo.

Watakuja wa kukwambia andika orodha ya sini (vipande vya muvi) tu, maneno wasanii watajaza wenyewe siku ya kushuti. Usikubali. Wanaishia kuzunguka maneno yaleyale, na hata prodyuza akienda Bodi ya Filamu kuomba kibali skripti inatakiwa.

Waite rafiki zako wawili watatu waisome kwa sauti, we kaa kimya na kalamu, kila ulimi unapokwama weka alama. Kurasa zikishuka, kaisajili skripti COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ndo urudi kwa huyo prodyuza.