Maswali ya Wasomaji: Sakafu ya Boti ya Faiba Iliyooza

SWALI: Assalaam alaikum, Bwana Fundi. Mimi ni mvuvi wa Shimoni, Kaunti ya Kwale. Nimenunua boti ya faiba ya futi 19 ambayo zamani ilikuwa ikipeleka wageni Kisite, kisha mwenyewe akaipandisha pwani na kuiacha chini ya mwembe kwa misimu miwili ya masika bila turubai. Bodi, yaani mwili wa boti, kwa nje ni nzima, ila sakafu inabonyea ukiikanyaga karibu na tezi (nyuma ya boti), na mahali pamoja mguu wangu ulipenya. Fundi mmoja wa hapa amenishauri nipigilie plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani, niipake faiba, kisha nishushe chombo. Mwingine anasema chombo kimekwisha, niuze mashine tu. Nimsikilize nani? Kazi yenyewe ningependa kuifanya kwa mikono yangu, nikiweza.
— Msomaji, Shimoni

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Usimsikilize yeyote kati yao mpaka uwe umeona kilicho chini ya sakafu hiyo, kwa sababu huko ndiko itakakojulikana kama boti yako inafaa kutengenezwa au la. Ushauri wa kufunika ubao mbovu kwa ubao mzima ndio ninaoupinga zaidi, nami nitaeleza sababu.

Sakafu ya boti kama yako ni plaiwudi iliyovikwa faiba upande wa juu, na mara nyingi upande wa chini umepakwa resini (ule utomvu unaogandisha faiba) kidogo tu, au haukupakwa kitu kabisa. Plaiwudi hiyo imelala juu ya mataruma ya urefu, yaani zile mbao zinazotoka omo (mbele ya boti) kwenda tezi, ambazo nazo zimefunikwa faiba na kushikamanishwa na bodi. Mataruma ndiyo yanayoizuia bodi isipinde kila inapopigwa na wimbi. Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofungiwa ndani yake, ambazo zikishaloa hazina pa kukaukia. Kuvu inayoozesha mbao inahitaji hewa, joto, na unyevu unaozidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu. Maji ya chumvi huizuia kwa kiasi, lakini maji ya mvua huilea. Ndiyo maana boti inayokwenda baharini kila siku inaweza kudumu miaka mingi na sakafu yake, huku nyingine iliyoachwa chini ya mti, majani yakiwa yameziba tundu la kutolea maji, ikaharibika katika misimu michache.

Sasa tazama yatakayotokea ukifuata ushauri wa fundi wa kwanza. Ubao wa zamani, ukiwa bado umeloa na kuvu imo ndani, utafungiwa chini ya mpya. Kila skrubu utakayoipigilia itakuwa njia ya maji kupanda. Na uzito wa boti utaongezeka mahali pasipohitaji uzito. Utapata sakafu ngumu ya kukanyaga juu ya mataruma ambayo huenda yamekwisha kabisa, na siku utakaporudi na samaki wengi upepo wa kusi ukiwa umechafuka, bodi itacheza bila kitu cha kuishikilia. Chombo cha namna hiyo kinatisha zaidi kuliko kile kinachovuja waziwazi, kwa maana anayekipanda hana dalili yoyote ya kumwonya.

Anza basi na uchunguzi. Chukua nyundo ndogo na ugonge sakafu, mataruma na ukuta wa tezi, hatua kwa hatua, huku ukisikiliza: mbao nzima hutoa sauti kali na kavu, na mbao mbovu hutoa sauti nzito iliyozama. Pale unapotilia shaka, toboa kwa keke ya milimita 6 kutoka upande wa ndani, bila kufika kwenye faiba ya nje, kisha utazame unga unaotoka. Ukiwa mweupe na mkavu, mbao ni nzima. Ukitoka mweusi, umeloa na kushikana kama tumbaku ya kutafuna, hapo hapana tena ubao. Ukuta wa tezi, ambao ndio unaobeba mashine, upime kwa kuinamisha mashine na kuitikisa kwa nguvu kutoka chini, mwenzako akiangalia kama ukuta unapinda au una nyufa kwenye pembe zake. Matundu utakayotoboa yazibe baadaye kwa epoksi, ambayo ni aina ya resini inayoshika kwa nguvu.

Kama bodi ni ngumu pande zote na ukuta wa tezi ni mzima, boti inastahili jasho lako hata kama mataruma yote yameoza, kwani mataruma hubadilishwa. Kama ukuta wa tezi nao umeoza, kazi bado inawezekana, lakini gharama na muda vitaongezeka sana, na itakubidi ulinganishe na bei ya bodi nyingine iliyo nzima. Mahali ambapo ningemuunga mkono fundi wako wa pili ni pale bodi yenyewe inapobonyea chini ya kiganja, au faiba inapoachana tabaka kwa tabaka.

Kabla ya kukata chochote, sawazisha boti na uiegemeze juu ya magogo yaliyowekewa mazulia makuukuu, katika sehemu nyingi iwezekanavyo. Bodi iliyonyang'anywa sakafu na mataruma yake ni laini, na ikiwa imeegemea sehemu mbili tu itabadili umbo polepole. Ukigandisha mataruma mapya juu ya umbo hilo, utakuwa umeligandisha kosa hilo moja kwa moja, na boti itavuta upande mmoja kila uendapo. Kwa sababu hiyohiyo, toa na urudishe taruma moja kabla hujagusa jingine, na upime nafasi zote kwa uzi uliovutwa kutoka omo mpaka tezi.

Sakafu ikate kwa msumeno wa umeme uliopunguzwa kina ili upite plaiwudi tu, ukiacha ukingo wa sentimita 5 kandokando ya bodi kama ukingo huo bado ni mzima, maana utaegemeza sakafu mpya. Chini yake huenda ukakuta povu la manjano lililojazwa kiwandani ili boti isizame hata ikijaa maji. Likamue mkononi. Likitoa maji, lote litoke, hata likionekana zuri upande wa juu. Povu kavu la aina hii lina uzito wa takriban kilo 32 kwa mita moja ya ujazo. Lita 200 zake huweza kubeba karibu kilo 200 majini, lakini likinywa maji mpaka nusu, msaada huo hupungua karibu nusu, nawe hubeba mzigo wa maji kila uendapo na kuilipia petroli. Usiache pengo bila kurudisha povu jipya lisilonyonya maji, kwa sababu hilo ndilo litakaloelea nanyi siku ya dhiki.

Usijenge juu ya unyevu. Bodi ikishakuwa wazi, iache ikauke chini ya turubai lililoinuliwa ili upepo upite, na kwa pwani yetu Januari na Februari ndiyo miezi inayofaa zaidi. Baada ya hapo, kila mahali ambapo faiba mpya itashika pasuguliwe kwa msasa mkali wa namba 36 au 40 mpaka mng'aro wote uondoke, halafu pafutwe kwa kitambaa safi chenye asetoni. Resini hushika faiba ya zamani kwa kung'ang'ania mikwaruzo, na kazi nyingi ninazoona zimebanduka zilipakwa juu ya rangi, mafuta ya samaki au vumbi.

Kuhusu resini, utaulizwa dukani kama unataka poliesta au epoksi. Poliesta ni rahisi, lakini haishiki mbao kwa nguvu, wala haishiki vizuri faiba iliyokwisha kukauka kwa miaka. Epoksi ni ghali, lakini kwa kazi ya ukarabati ndiyo ninayoipendekeza kwenye mataruma na kwenye viungo vyote. Mkoba ukibana, tumia poliesta kwa tabaka la juu la sakafu peke yake, kabla epoksi haijawekwa hapo, kwa kuwa poliesta haigandi vyema juu ya epoksi. Ukitumia epoksi, nunua kitambaa cha faiba kilichofumwa au kushonwa, usinunue ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, kwa sababu gundi inayoshikilia nyuzi za mkeka wa kawaida imekusudiwa kuyeyushwa na poliesta, na ndani ya epoksi hubaki ngumu.

Mataruma yachonge kwa mbao nyepesi, kavu na iliyonyooka, kama paini au saipresi. Yalaze juu ya epoksi iliyofanywa nzito, uzungushe kona kwa mwiko ili kitambaa kisivunjike kwenye pembe kali, kisha uyavike tabaka tatu, kila tabaka likiwa pana kuliko lililotangulia. Katika kila ubao unaokatiza ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika), toboa tundu la kupitisha maji na ulipake epoksi ndani yake, ili maji yote yakimbilie tezi, penye plagi (kizibo cha tundu la kutolea maji) na pampu. Boti nyingi ziliozeshwa na tundu moja tu la namna hii lililosahauliwa bila kupakwa.

Plaiwudi iwe ya baharini, milimita 12 kwa boti ya futi 19 ikiwa mataruma yamekaribiana, na isiwe na mapengo ndani. Itazame kwenye kingo kabla ya kulipa. Ipake epoksi pande zote sita (isipokuwa uso wa juu, kama umeamua kuuvika poliesta) kabla haijaingia ndani ya boti, na kingo uzipake mara tatu, kwa kuwa plaiwudi hunywa maji kwa kingo zake kuliko kwa uso wake. Iache kwanza juani mpaka ipate joto, uihamishie kivulini, na uipake jioni inapoanza kupoa. Ubao unaopoa huvuta resini ndani, ilhali ubao unaopata joto hutoa hewa, na hewa hiyo huacha vijitundu vingi ambavyo asubuhi utaviona vimetapakaa juu ya kazi yako.

Viti, vishikio na vifaa vingine vinavyofungwa kwa skrubu ndivyo vitakavyoamua sakafu mpya itadumu kwa muda gani. Kila tundu litoboe kubwa kuliko skrubu, ulijaze epoksi, liache ligande, kisha utoboe tena katikati ya epoksi hiyo. Hivyo skrubu haigusi ubao, na maji yakipita kando yake hayana pa kuingilia.

Vaa barakoa ya vichujio, miwani na nguo za mikono mirefu unaposugua, kwani vumbi la faiba ni vioo vidogo. Hatimaye, kabla ya kupakia abiria, omba chombo kikaguliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, maana leseni ya zamani haimaanishi kwamba boti uliyoivunja na kuijenga upya iko salama.

SWALI: Fundi, nilikuwa naziba ufa kwenye boti yangu. Nilichanganya kilo tatu za resini ya poliesta katika ndoo nikamwaga hadina (dawa ya kuigandisha), na kabla sijamaliza kupaka, ndoo ilianza kutoa moshi na resini ikawa jiwe. Je, niliuziwa resini mbovu?
— Msomaji, Nungwi

JIBU: Pengine resini haikuwa na kasoro. Poliesta inapoganda huzaa joto ndani yake yenyewe, na kilo tatu zikikaa pamoja ndani ya ndoo joto hilo halina pa kutokea, hasa mchana wa Nungwi wenye nyuzi 32. Changanya nusu kilo kwa kila mara, uimimine haraka kwenye trei pana, na upake asubuhi. Hadina ya kawaida huwekwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini. Kwa joto letu anza na asilimia 1, yaani takriban mililita 10 kwa kilo moja, ukipima kwa bomba la sindano wala si kwa kifuniko cha chupa. Usishuke chini ya hapo kwa nia ya kupata muda zaidi, kwani resini itabaki laini daima. Epoksi ina kanuni tofauti: kipimo chake ni kile kilichoandikwa kwenye mkebe, na hakiongezwi wala kupunguzwa.

Nakuomba kwa msisitizo uzingatie mambo mawili. Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo vaa miwani na uweke maji safi karibu. Ikikurukia, osha jicho kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha uende hospitali. Na kama resini yako inauzwa pamoja na kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) katika chupa ya pembeni, kamwe usichanganye kobalti na hadina moja kwa moja, kwa kuwa huweza kulipuka. Kobalti huchanganywa kwanza na resini mpaka ienee, na hadina hufuata baadaye.

SWALI: Sisi wa Ziwa Victoria tuna mvule. Je, siwezi kuweka sakafu ya mbao za mvule na kuivika faiba, nikaachana na plaiwudi?
— Msomaji, Mwanza

JIBU: Mvule ni mbao bora, lakini usiifungie ndani ya faiba. Ni nzito, ina mafuta yanayoizuia resini kushika, na mbao pana hupanuka na kusinyaa kadiri ya unyevu mpaka faiba ikapasuka. Ukiipenda, iweke iwe wazi: vipande vyembamba vilivyoachiwa nafasi ya kidole, juu ya fremu inayoweza kuinuliwa, ili upate kuosha ngama na kuiona kila wiki. Hapo hutahitaji faiba kabisa, na ubao mmoja ukiharibika utabadilishwa peke yake. Kwenye maji yasiyo na chumvi kama yenu uozo huja upesi kuliko pwani, hivyo boti inapokaa nchi kavu iinue omo juu ya gogo, uitoe plagi, na uifunike kwa turubai lisilogusa sakafu.