Kabla hujachora barabara, muulize dereva

Kuna mstari wa tope kwenye ukuta wa nyumba moja pembezoni mwa Dar es Salaam ambao umenifundisha kazi kuliko chuo. Uko usawa wa kitasa cha mlango. Mwenye nyumba, bibi anayekaanga vitumbua barazani, kila akipaka chokaa huuruka makusudi. Ni kumbukumbu yake ya mafuriko ya Desemba 2011.

Mimi nilifika pale na michoro iliyokwisha kupitishwa. Kilomita 4 za lami, mitaro pande zote mbili, tuta limeinuliwa sentimita 60 ili maji yasiile barabara. Kihandisi, kazi safi.

Bibi akaniomba nimwoneshe sentimita 60 zinafika wapi. Nikaweka kiganja ukutani, juu kidogo ya goti. Akautazama mkono wangu, akautazama mlango wake.

"Kwa hiyo, injinia mwanangu, mvua ikinyesha barabara itabaki kavu, mtaro nitakuwa mimi."

Sikuwa na jibu. Vipimo tulichukua Agosti, ardhi imekauka kau. Timu ilikuwa wahandisi watatu, mpima na dereva. Mtaalamu wa jamii alikuwepo, lakini kwenye makaratasi: wasifu wake ulitusaidia kupata zabuni, halafu akapewa siku 15, zote baada ya michoro kukamilika. Kazi iliyobaki kwake ilikuwa kuwaambia watu kitakachowapata. Nilikuja kumwelewa baadaye kwa nini kila mkutano alikuwa anaingia kichwa chini.

La kuaibisha zaidi: dereva wetu alijua. Wiki mbili nzima, sisi tukihangaika na vyombo vya kupimia, yeye alikuwa anakunywa chai kwa mama ntilie na kusikiliza habari za maji yale. Nilipomuuliza mbona hakusema, akajibu kwa upole kwamba hakuna aliyemuuliza.

Tangu hapo, nikiunda timu sihesabu fani. Unaweza kuwa na mhandisi, mthamini, mtu wa mazingira na mtu wa jamii, na bado mchoro ukawa wa mtu mmoja. Nauliza swali jingine: asiye mhandisi kati yetu, nani ana uwezo wa kuizuia kalamu yangu? Na uwezo huo umeandikwa kwenye mkataba, au tunategemea ukarimu wangu? Ukarimu wa mhandisi aliyebakiza wiki tatu kukabidhi kazi usiutegemee. Najijua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kalenda. Siku za mtaalamu wa jamii zitangulie za mpima. Siku ya kwanza timu yote iitembee barabara kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, pamoja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mkirudia, rudieni saa kumi na mbili na nusu asubuhi wanafunzi wakienda shule. Ikiwezekana, rudieni tena mvua ikinyesha. Kwenye gari hamtaona kitu. Kwa mguu mtaona kaburi lililo nyuma ya ua, bomba lililopita juujuu, nguzo ya umeme inayosubiri kuwagombanisha na mkandarasi, na kijiwe cha bajaji ambacho hakimo kwenye ramani yoyote lakini ndicho kituo halisi cha mtaa.

Mthamini naye aje mapema, na awe mtu anayeweza kuongea na watu. Kwenye barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya 2007 iliipeleka hifadhi ya barabara hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya 22.5 za zamani. Ndiyo maana kwenye kuta za nyumba kuna X ya kijani na X nyekundu: mmoja amefuatwa na barabara, anadai fidia, mwingine ameifuata barabara, anaambiwa abomoe. Kwenye mchoro wangu tofauti hiyo ni upana wa mstari wa penseli. Kwa familia ni nyumba. Mhandisi aliyekaa na mthamini tangu mwanzo huwa anauliza kama barabara inaweza kujikunja kidogo. Asiyekaa naye hapati hata wazo la kuuliza.

Kuhusu maji, vijana wa mtaa usiwadharau. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa yao, mifereji na maeneo yanayofurika. Tazama pia karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani: huduma ilianza 2016, na maji ya Mto Msimbazi yameivamia mara kadhaa. Mtu aliyekulia karibu na bonde lile hukuhitaji kumlipa ushauri mwelekezi ili akwambie maji hupita wapi.

Na mikutano. Mkutano wa hadhara wa saa nne asubuhi utakupa wazee wa kiume na watu wanaotaka ajira. Kina mama kutane nao peke yao, baada ya mapishi ya mchana, na mwulizaji awe mwanamke. Kwa walimu nenda shuleni kwao. Mpango wa SARSAI wa shirika la usalama barabarani la Amend, ulioshinda tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, ulitumia vitu vidogo tu kuwalinda wanafunzi: njia ya miguu, matuta, vivuko, hata kuhamisha geti la shule. Geti! Mimi nisingewahi kulifikiria. Halimo kwenye barabara.

Timu ya namna hii itagombana, nakuonya. Tulipoirudia michoro ile, mtaalamu wetu wa maji alitaka mtaro mpana, mthamini akasema mita ile moja inakula vibanda 11, mimi nikamtetea kila aliyeongea mwisho. Tulimaliza wiki saba nyuma ya ratiba na mteja alituandikia barua ambayo sitaisahau. Lakini kwenye mita 300 za mbele ya nyumba ya bibi tulichimba badala ya kujaza, tukashusha barabara sentimita 40, tukaongeza kalavati.

Vifuniko vya mtaro vilikatwa kwenye bajeti. Nilipopita masika iliyopita, ukuta ulikuwa na mstari uleule mmoja wa zamani, na wateja wa vitumbua walikuwa wanavuka mtaro kwa kupita juu ya ubao wa kitanda. Bibi alinifungia vitumbua vinne kwenye gazeti, akakataa hela, akaniuliza vifuniko vinakuja lini.